Mkwe na Matairi ya Pikapu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakajaa Mbinga, nyumba za wageni hazikuwa na nafasi. Mimi na mke wangu tuliuza mitumba kwenye magulio, kwa hiyo tuling'oa viti vya kipanya chetu, kibasi kidogo cha abiria, tukaweka kitanda, tukawa tunalala humo.

Kosa lilikuwa matairi. Mjini gari lililokaa juu liliheshimiwa. La chini liliulizwa kama limechoka. Nikabadilishana na jamaa mmoja magurudumu yangu madogo kwa manne ya pikapu, marefu, mapana, rimu zimechomoza nje ya bodi. Nilihesabu matundu ya nati mara mbili. Sita. Nikaona hesabu imekamilika.

Mara ikaja habari kwamba mama mkwe ameanguka Mbamba Bay, kavunjika mguu. Ilibidi aletwe hospitali ya Mbinga akiwa amelala, na gari lenye kitanda lilikuwa letu.

Kushuka kuelekea ziwani ndipo nilipojua nilichonunua. Kwenye kona kali tairi lilisugua madigadi, usukani ukagoma kufika mwisho, nikarudi nyuma ndipo nikapita. Gia ya pili, iliyokuwa ikilishika gari mteremkoni, sasa ililiachia. Nikakanyaga breki mpaka zikanuka. Na bodi, kwa kuwa ilikuwa juu, ililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta.

Shemeji zangu walimpakia mama yao. Hatukufika hata mwisho wa mji. Kwao mama mkwe na mkwewe hawasemezani ana kwa ana, kwa hiyo maneno yalipitia kwa mke wangu, ingawa sote tulikuwa ndani ya kipanya kimoja.

"Mwambie mwenzio asimamishe. Nashuka."

"Mama, na mguu huo?"

"Mtumbwi unaoyumba hivi hapa ufukweni, nani anaingia nao kilindini? Nirudisheni nyumbani."

Mdomo wangu ulishusha bei ya kila kitu kuanzia Songea mpaka ziwani, lakini kwa huyu haukuruhusiwa hata kufunguka. Nikaenda kwa mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwani, ambaye pikapu yake ilikuwa na matairi membamba, saizi ya kipanya, na ilizama mchangani kila siku.

"Shida yako naiona, kaka," nikamwambia.

"Na mimi naiona yako. Imelala kitandani."

Tukabadilishana matairi, nyongeza nikatoa mimi.

Tulipandisha polepole. Gari lilikaa chini, usukani ukazunguka mpaka mwisho, kona zikapitika kwa mkupuo mmoja. Nyuma kimya. Nikadhani amezimia. Mke wangu akageuka kutazama.

"Anakoroma."

Hospitali walimfunga mguu hogo, ile plasta ngumu. Akiwa wodini akamuuliza binti yake ni nini alichotoa yule mwenye pikapu kwa matairi mazuri vile.

"Hakutoa kitu, mama. Sisi ndio tuliongeza."

Mama mkwe akageuzia uso ukutani. "Mwambie mwenzio siku nyingine anitume mimi nikapatane."

Nilikuwa nimesimama palepale, upande wa miguuni. Nikainamisha kichwa, kama heshima inavyotaka.