Wimbo wa Mama Haukuandikishwa Upya

Nilikuwa namsuka mteja saluni kwangu, Jules Street, Johannesburg, simu yake ilipoanza kuimba wimbo wa mazishi alioutunga mama yangu. Nikaacha kusuka, nikachungulia. Lilikuwa tangazo la nepi kutoka Marekani. Watoto wanene walitambaa wakicheka, na nyuma yao kwaya ikiimba maneno yaleyale ya Mama, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: mtoto alale, udongo si baridi.

Mama aliutunga akiwa bado msichana, alipomzika mtoto wake wa kwanza. Wamisionari waliupenda, wakauchapa kwao Marekani katika kitabu chenye jina lake. Lakini kwetu wimbo huo una mwiko. Huimbwa kwenye kaburi la mtoto tu, na kiongozi wa kwaya humwendea Mama kwanza, hupiga goti, huomba ruhusa. Hata kanisani kwetu hapa Malvern hufanya hivyo. Kuuimba bila maiti ni kuita maiti. Mimi si mwoga, lakini mwaka huu niliogopa waziwazi, kwa sababu binti yangu ana mimba.

Basi nikaenda Sandton nimejaa hasira, kwa mteja wangu mwingine, wakili Mkenya. Nilitaka tangazo lizimwe kabla mjukuu hajazaliwa. Alichunguza siku kadhaa, kisha akaniita tena ofisini, akavua miwani.

"Dada, kitabu kilichapwa Marekani kwanza, mwaka 1963, kwa hivyo tunafuata sheria ya huko. Siku hizo hakimiliki ilidumu miaka ishirini na minane. Ule mwaka wa mwisho, yaani 1991, mwenye wimbo alitakiwa kuomba iandikishwe upya. Asipoomba, imeisha. Wimbo unakuwa wa kila mtu."

"Lakini mwenyewe yuko hai! Yuko nyumbani anachambua majani ya sombe!"

"Najua. Sheria ilibadilishwa baadaye, lakini vitabu vya zamani kama hiki havikurudishwa. Pole sana."

Nikaukumbuka mwaka huo. Ndio mwaka wanajeshi walipopora Lubumbashi, nasi tumelala chini ya kitanda tukisikiliza milango ya majirani ikivunjwa, Mama akituziba midomo kwa viganja vyake. Nani angemwambia kwamba ng'ambo kuna ofisi inamsubiri? Pale ofisini kwa wakili niliogopa kuliko chini ya kile kitanda. Wanajeshi angalau walichoka, wakaondoka.

Mama sikumwambia. Hana simu, hatoki sana chumbani. Nikajipa moyo kwamba hatasikia. Binti yangu naye, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg, hakuwahi kuusikia wimbo wenyewe, na sikumweleza. Kwetu mjamzito hasimuliwi habari za makaburi ya watoto.

Jumapili iliyopita alikuja kututembelea, tumbo limemtangulia. Alikaa jikoni akimenya vitunguu. Mara akaweka kisu chini, akajipapasa tumbo, akaanza kuimba polepole, neno kwa neno: mtoto alale, udongo si baridi.

"Nyamaza!" nilipiga kelele.

"Eish, Ma, ni wimbo wa tangazo tu. Mtoto anaupenda. Nikiimba, anatulia. Leo ametulia tangu asubuhi."

Mlango wa chumba ukafunguka. Mama alisimama pale, amejifunga kichwani kitambaa chake cheusi cha msiba.

"Juu ya nini hamukuniomba ruhusa?" aliuliza. "Ni mutoto wa nani alikufa?"