Opera ya Watoto Juu ya Kifo cha Mke Wangu

Ukumbi mzima ulinilaani huku ukilia, na aliyewaliza ni mtoto wangu wa kumzaa.

Mama mmoja kando yangu, amevaa kitambaa cha kanisa, alinigusa bega.

"Baba kama huyo, afadhali angekufa yeye."

Nikamjibu, "Kweli, mama."

Hakujua huyo baba ndiye mimi.

Naitwa Wabuge. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mtanivumilia. Kazi yangu ni kupakia mahindi kwa malori huko Moiben. Nyumbani ni Munyaka, chumba kimoja, mimi na msichana wangu Nanyama, miaka kumi.

Mke wangu Nabwire alikufa na mimba hospitalini. Hospitali siitaji, nisije nikashikwa bure.

Nilimfikisha na boda akiwa bado anapumua. Nesi akasema apasuliwe hapo hapo. Lakini chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa, na mwenye funguo ameenda semina kwa hoteli.

Wakapiga simu. Wakapiga tena.

Mimi nilikaa chini nimemshika miguu mpaka ikawa baridi.

Wakubwa walisema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuwa semina.

Sasa, shuleni kwa Nanyama, upande wa Kapsoya, kuna mwalimu wa muziki anaitwa Oyugi. Huyo kazi yake ni kutunga opera za watoto. Kama hujui opera, ni mchezo ambao hakuna mtu anaongea. Kila kitu ni kuimba. Hata mtu akitaka chumvi, anaimba.

Oyugi hatungi kutoka kichwani. Anakaa na mtoto, anamwambia ahadithie kitu cha kweli, halafu anafuata sauti ya huyo mtoto kwa kinanda. Mahali mtoto amepandisha, anapandisha. Mahali amekwama, anaacha hivyo hivyo.

Alikuja kwetu na kinanda kidogo cha betri, akakiweka juu ya debe.

"Niambie siku ya mama," akamwambia Nanyama.

Mtoto akasema vile mimi nilimwambia. Oyugi akabonyeza, akabonyeza, na jioni hiyo Nanyama akaimba:

"Funguo iko wapi? Mama anangoja."

Ilinichoma hadi nikatoka nje. Lakini nilifurahi. Nikasema, angalau kuna mtu ameuliza.

Walifanya mazoezi muhula mzima. Mimi nilikuwa kwa magunia, sikuenda kuona.

Siku moja natoka kazini, napata Nanyama anaosha vyombo, anaimba. Sauti ni ile ile. Lakini maneno sio yale.

"Baba yuko wapi? Mama anangoja."

Nikasimama mlangoni na gumboots zangu.

"Nani amekufunza hiyo?"

"Mwalimu alibadilisha. Kwa opera baba amelewa, hapatikani, mama anachelewa hospitali. Marvin ndiye anaigiza baba. Amewekwa gunia hapa kwa bega, na gumboots. Watoto wanacheka sana."

Pombe mimi sijaonja tangu nizaliwe.

Kisha akaniangalia, sufuria mkononi.

"Baba, kwani hiyo siku ulikuwa wapi?"

Jameni. Mtu akiimba kitu kila siku, kinamwingia. Yeye siku hiyo alibaki na jirani yetu Benta. Hakuona chochote kwa macho yake.

Kesho yake sikuenda Moiben. Nilienda kwa Oyugi.

"Mwalimu, umeniweka mlevi?"

Hakukataa. Alifunga mlango kwanza.

"Baba Nanyama, mgeni wa heshima ni mkubwa wa afya. Yule yule aliyeenda semina na funguo. Amepanda cheo. Anakuja kutufungulia darasa mpya. Madam Nyokabi, mwalimu mkuu wetu, amesikia wimbo wa funguo, akasema hiyo haiimbwi mbele ya mgeni."

"Si ungetoa wimbo?"

"Ndio nguzo ya mchezo. Nikiutoa, opera inaanguka. Nilibadilisha maneno mawili tu, mzee wangu."

"Hayo mawili ni mimi."

Akaanza kupanga makaratasi yake.

Nikarudi nyumbani, nikamwita Benta. Benta ana mdomo, lakini siku hiyo aliongea polepole.

"Nanyama, mama yako mimi ndiye nilimpandisha hiyo boda. Baba yako alikuwa nyuma yake amemshikilia, shati imejaa damu. Hakumwacha. Umesikia?"

Mtoto akalia. Akanishika shingo.

"Nitaimba ya funguo, Baba. Hiyo siku nitaimba ya kwanza."

"Mbele ya mgeni?"

"Mbele yake."

Siku ikafika. Mkubwa alikaa mbele kabisa, kwa kiti cha sofa, maji ya chupa kando. Sisi wazazi tulikuwa kwa benchi nyuma. Marvin akaingia akiyumba na gunia lake, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilijua msichana wangu anakuja.

Akatoka na nguo nyeupe. Akanitafuta na macho, akanipata. Nikamwitikia kwa kichwa.

Kinanda kikaanza.

"Baba yuko wapi? Mama anangoja."

Akaimba hivyo mpaka mwisho. Tena kwa nguvu kuliko vile nilikuwa nimemsikia nyumbani. Ndipo yule mama wa kitambaa akanigusa bega.

Mkubwa alitoa leso, akajipangusa macho. Alipopewa nafasi ya kuongea akasema, "Sisi wanaume, tuache pombe! Tunaua wake zetu!"

Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ungefanya nini?

Njiani, karibu na nyumbani, nikamuuliza.

"Nanyama, si uliniahidi?"

"Madam alimwambia mwalimu, nikiimba ya funguo anafutwa kazi. Nilisikia."

"Na mimi je?"

Alifikiria vizuri kabla ya kunijibu. Hakuwa na ubaya, hiyo ndiyo iliniua.

"Nikiimba funguo, mwalimu anafutwa. Na yule mkubwa anakasirika, darasa hatupewi. Nikiimba wewe, hakuna mtu anafutwa."

Mtoto wa miaka kumi. Wamemfunza hesabu yao, na ameielewa kuwashinda.

Opera ilipelekwa mashindano ya shule, imeshinda, sasa inapelekwa mbele, miji mingine. Juzi nilikuwa namwoshea ile nguo nyeupe, nikamuuliza wanaimba lini nijitafutie nauli.

Akasema, "Baba, usikuje. Watu watajua ni wewe."

Ndugu zangu, mkienda kutazama watoto wakiimba, na mwonyeshwe mtu mbaya ni nani, msimwangalie huyo kwanza. Angalieni nani amepewa sofa.