Ngozi Juu ya Boneti

Nakumbuka asubuhi ambayo baba yangu mdogo, Lushinge, alishika kisu akakata kamba za ngozi mbele ya wazee wa ukoo, nami nikiwa nimesimama kando ya mama. Kaa hapo, mwanangu. Najua umekuja kuniuliza jambo moja tu, kama ile plastiki wanayobandika mafundi wa mjini kweli inazuia mawe yasibandue rangi ya gari lako jipya. Nitakujibu. Ila mimi ni mzee sasa, jibu langu lina mzunguko, na chai yenyewe bado haijachemka.

Kwetu ni ng'ambo ya Busisi. Siku hizo hapakuwa na daraja hili mnalopita leo bila hata kupunguza mwendo. Tulivuka ziwa kwa feri, na ukishuka tu unapokewa na barabara ya changarawe na malori ya pamba. Ukipishana na lori, ulisikia mawe yanagonga bati la mbele, na kila jiwe liliondoka na kipande cha rangi kidogo kama punje ya mtama. Wengi hawakujali. Waliosema gari ni la kazi, si la kutazama, ndio hao hao baadaye walikuwa wakiziba matundu kwa mabati ya makopo.

Baba yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha pamba. Alinunua gari, Pijo ya rangi ya maziwa, na sidhani kama alifaidi kuiendesha, maana aliugua mapema akafariki. Baada ya matanga wazee walikaa kugawa majukumu. Mama hakujua kuendesha, na mimi, mtoto wa kwanza, bado nilikuwa shuleni. Wapo walioguna kwamba msichana na gari ni wapi na wapi. Baba mdogo akasimama mbele ya watu wote.

"Gari ni la mtoto wa kaka," alisema. "Nitalitunza mpaka aweze kuliendesha. Siku hiyo nitamkabidhi likiwa kama nilivyolipokea."

Alikabidhiwa gari, na ng'ombe wa marehemu pia. Mwanangu, mtu anayetunza mali ya yatima kijijini anatazamwa na kila jicho. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, watu hawaulizi ugonjwa gani. Wanauliza nani amekula nyama. Baba mdogo aliyajua hayo, na nadhani ndiyo yaliyomnyima usingizi.

Akatafuta namna ya kuyazuia mawe. Alichukua ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa kwenye matanga ya baba, ambayo ilikuwa imepakwa chumvi ili isioze, akaikata na kuivisha gari usoni kuanzia juu ya boneti hadi chini ya bampa. Aliacha nafasi ya taa na ya rejeta kupata upepo, kisha akaifunga kwa kamba za ngozi mbichi. Kamba zilipokauka zilikaza kabisa. Kwenye feri watu walicheka, wakamuuliza ng'ombe huyo anapelekwa mnada gani. Yeye aliwajibu bila kutabasamu kwamba gari limevaa koti, na mwenye wivu akanunue lake.

Na kweli, mawe hayakuliumiza tena. Kila Jumamosi aliliosha, akalifuta vioo, akalifuta milango, akazunguka ngozi ile kwa kitambaa kama mtu anayepita pembeni ya kaburi. Hakuifungua hata mara moja. Aliona kufungua ni kumvunjia kaka yake heshima, maana ilikuwa ngozi ya ng'ombe wa msiba wake. Na sisi wengine wote tuliona ni sawa, kwa sababu kwetu ng'ombe ndiye anayebeba kila jambo zito, mahari, matanga na mapatano. Nani angefikiri kwamba ngozi yake inaweza kudhuru?

Nilipomaliza chuo cha ualimu nikapata leseni, siku ya kukabidhiwa ikafika. Wazee waliitwa. Baba mdogo alivaa shati jeupe. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitikia marahaba kwa sauti ya furaha ambayo nilikuwa sijaisikia kwake tangu msiba. Akaninyooshea ufunguo, nikaupokea. Ndipo mama akasema, kwa upole kabisa, "Shemeji, kwanza fungua hiyo ngozi, nilione gari la mume wangu."

Akakata kamba. Ngozi ilikuwa imegandamana, akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka na rangi. Chini yake hapakuwa na rangi ya maziwa wala chochote cha kutazama. Palikuwa na kutu nyekundu iliyovimba, na pembeni mwa taa bati lilikuwa limeliwa mpaka kidole kinapita. Mchanga wa barabara ulikuwa umeingia ukingoni na kusaga rangi kila gari lilipotikisika. Mvua zilinyesha maji yakabaki humo, na chumvi ya ngozi ikamalizia. Mawe yasingeweza kufanya vile hata kwa maisha mawili.

Wazee walisogea kuchungulia. Kisha mzee mmoja akajikohoza. "Basi," alisema, "twendeni na zizini tukawahesabu na ng'ombe."

Baba mdogo alichuchumaa palepale na ngozi yake mkononi. "Shemeji, Mungu ananiona, mimi sikuwahi..." Yule mtu aliyekuwa akiwajibu watu wa feri kwa majivuno alilia mbele ya watoto wake, na mimi nilimwonea huruma nikamkasirikia kwa wakati mmoja. Nilijua neno moja la mama lingetosha. Angesema tu "kahesabuni", baba mdogo asingekuwa na uso wa kuishi tena kijijini pale.

Mama alilisogelea gari. Alipita mkono juu ya kutu, ukatoka mwekundu, akaufuta kwenye khanga yake ya msiba ambayo alikuwa bado anaivaa.

"Ng'ombe hawahesabiwi," alisema. "Mwizi haogopi kiasi hiki. Huyu aliogopa kuliharibu, ndiyo maana ameliharibu." Kisha akamgeukia, na hapo sauti haikuwa ya upole tena. "Lakini wewe, shemeji, nitakuambia. Ulipewa gari utunze, wewe ukatunza ngozi. Ungefungua siku moja tu ukatazama! Kaka yako angekasirika nini? Heshima ya marehemu ni kutazama alichoacha, si kukifunika."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Mama akanigeukia mimi. "Mpe baba yako ufunguo. Atuendeshe mpaka mjini kwa fundi."

Nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili. Mama akakaa mbele, pembeni yake, mahali alipokuwa akikaa na mumewe. Tulivuka na feri uso wa gari ukiwa wazi, wenye vidonda, na watu walitazama. Baba mdogo alitaka kuinamisha kichwa. Mama akamwambia, bila kumtazama, "Angalia mbele, unaendesha." Tulifika Mabatini, mjini, fundi akakata bati lililooza, akachomelea jipya, akapiga msasa, akapaka rangi. Haikufanana na ile ya zamani. Nililiendesha hivyo hivyo miaka mingi, na baba mdogo alibaki na ng'ombe wetu mpaka wadogo zangu wote wakasoma.

Basi sasa, plastiki yako. Bandika, mwanangu, siyo mbaya. Lakini kwanza gari lisafishwe kabisa, na mahali palipochubuka paguswe rangi kwanza, usifungie kidonda ndani. Ukiliosha, pitisha kidole ukingoni mwa plastiki uone kama imeachia na kuingiza mchanga. Wale wadudu wa ziwa wanaojaa usoni mwa gari, waoshe siku hiyo hiyo, usisubiri Jumamosi. Ukiwa nyuma ya lori kwenye kokoto mpya, baki mbali, liache liende, huko unakokwenda hakuhami. Jiwe likibandua rangi, usione aibu, paguse rangi kidogo kabla kutu haijapajua.

Na kila ulichokabidhiwa na watu, ukiogopa kukiharibu, usikifunike. Kifungue mbele yao mara kwa mara. Wakikuta kasoro ikiwa ndogo watakusaidia. Na siku ukisimama mahali pa mama yangu, mbele ya mtu aliyeharibu kwa kuogopa, mkemee, kisha ukae naye kiti cha mbele.

Mungu akulinde barabarani, kwenda na kurudi. Akupe macho ya kuona mapema, na akupe watu watakaokuamini hata siku utakapokosea. Sasa nenda kaipue hiyo chai.