Migomba Ndani ya Seva

Nilikuwa mtakwimu wa mradi wa kuzuia mnyauko wa migomba, katika ofisi ndogo pale Kayanga. Maafisa ugani wetu walizunguka vibanja, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, huko Karagwe na Kyerwa, kuanzia Bweranyange hadi Bugomora, wakikagua migomba na kujaza kwenye simu walichokiona. Simu zilituma kila kitu kwenye hifadhidata iliyokuwa kwenye seva, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na stoo ya mbegu. Kazi yangu ilikuwa kuziuliza taarifa hizo swali moja: mnyauko unaelekea wapi?

Dada yangu mkubwa alikuwa mmoja wa maafisa hao. Yeye ndiye aliyenionyesha tangazo la kazi. Alipangiwa Bugomora na kata za jirani, lakini kila alipopata nafasi alirudi nyumbani kwa mama, Nyakasimbi, akiwa na pikipiki ya mradi na buti zenye udongo mwekundu.

Kwa muda mrefu nilifanya kazi yangu nusu nusu kwa sababu ya mashine. Nilichota taarifa kutoka kwenye hifadhidata, nikaziweka kwenye faili, nikalihamishia faili kwenye laptopu, ndipo nikaendesha skripti yangu ya takwimu. Nikichota nyingi, laptopu iliganda. Kwa hiyo nilijizoeza kuchukua jedwali la vibanja tu: kibanja kiko wapi, kina migomba kiasi gani, ni kizima au kinaumwa. Jedwali la ziara za maafisa, lililokuwa kubwa kuliko yote, nililiacha kwenye seva. Sikuona sababu ya kuchunguza safari za watu waliokuwa wakienda kusaidia.

Fundi wetu wa mifumo, mama mmoja mcheshi aliyehamia kutoka Bukoba, alinikuta siku moja nikiipepea laptopu kwa jalada la faili.

"Unahangaika kuzibeba hizo taarifa za nini?" akaniuliza. "Hiyo skripti yako inaweza kufanyia kazi humo humo ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ndani ya hifadhidata. Tunaiweka kwenye prosija."

Prosija nilizijua: amri unazoziandika mara moja, ukazihifadhi ndani ya hifadhidata kwa jina, halafu ukaziita kwa jina hilo wakati wowote. Ila nilidhani zinafaa kwa kazi ndogo ndogo, kujumlisha na kupanga. Sikujua kwamba unaweza kuiwekea prosija skripti nzima ya takwimu, ukaielekeza ichukue safu zipi kutoka majedwali gani, na ikurudishie majibu kama jedwali jingine. Taarifa hazitoki nje ya seva hata kidogo.

Tulikaa naye mchana ule tukiijaribu. Mara ya kwanza seva ilikataa kabisa, kwa kuwa ruhusa ya kuendesha skripti za aina ile ilikuwa imefungwa. Akaifungua, akaizima seva na kuiwasha. Mara nyingine majibu yalirudi kwenye safu zisizo na majina, tarakimu tupu, hadi tukakumbuka kwamba prosija lazima uiambie mwanzoni kila safu inaitwaje. Mwishowe niliandika jina la prosija, nikabonyeza, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Kabla sijakifikisha mdomoni, majibu yalikuwa yameshafika.

"Hapana," nikasema. "Imeruka kitu."

Haikuwa imeruka kitu. Kazi iliyokuwa ikinilia asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Na kwa kuwa sasa uzito haukuwa tena tatizo, nikaliongeza lile jedwali la ziara. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu kuona prosija itabeba kiasi gani.

Ilibeba. Majibu yaliporudi, nilisogeza kiti karibu na kioo. Nilitegemea kuona yaleyale: kibanja kilichopakana na kinachoumwa kiko hatarini, na cha bondeni vilevile. Badala yake, kitu kilichovuta hatari kuliko vyote kilikuwa ziara. Kibanja kizima kilichokaguliwa na afisa wetu kilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mnyauko, wiki kadhaa baadaye, kuliko kibanja kizima ambacho hatukukigusa.

Nilijiambia nimekosea, kwamba maafisa wanakwenda kwenye ugonjwa, si kwamba ugonjwa unawafuata maafisa. Nikaibadilisha prosija isome tu vibanja vilivyokuwa vizima siku ya ziara na visivyo na jirani mgonjwa. Majibu hayakubadilika. Nikashuku tarehe, labda siku na mwezi vimepishana. Nikazikagua. Zilikuwa sawa. Nikamwita fundi wa mifumo, akasoma huku ameegemea kiti changu, na ucheshi wake wote ukamtoka.

"Wanawatembeleaje hawa watu?" akauliza taratibu.

"Wanakata mgomba waone kama ndani kuna usaha wa njano," nikasema. "Kwa kisu." Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, nilielewa: kisu kilekile kilitoka mgomba mgonjwa hadi mgomba mzima.

Prosija ilikuwa imeandika tarakimu ya hatari mbele ya kila kibanja, vya hatari zaidi vikiwa juu. Nilijua sipaswi, lakini nilikitafuta cha nyumbani. Kilikuwa karibu na juu kabisa. Dada alikuwa amekikagua akitokea Bugomora.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Nilimkuta mama ameshatoka kanisani, anamenya ndizi jikoni, na dada ameketi kizingitini akila parachichi.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda uso?" mama akaniuliza.

Nikamwomba dada tutembee kibanjani. Tulipofika katikati ya migomba nikamwambia anionyeshe anavyokagua. Akacheka.

"Umechoka na kompyuta sasa unataka kazi yangu?"

"Nionyeshe tu, dada."

Akachomoa kisu kwenye ala, akafanya kama anachana shina, akachungulia, halafu akakifuta kisu kwa jani la mgomba mara mbili, huku na huku, na kukirudisha alani. Alifanya kwa ustadi wa mtu asiyefikiri tena.

"Na moto?" nikauliza. "Au jiki ya kusafishia kisu?"

"Jiki iliisha zamani. Tuliomba nyingine. Na moto, kila mji nikawashe jiko? Nitamaliza vibanja lini?" Akanitazama. "Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza nilichokiona. Nilieleza vibaya, nikachanganya prosija na visu na wiki, lakini alinielewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Unasema sisi ndio tunaueneza."

"Nasema taarifa zinaonyesha—"

"Usiniletee taarifa! Unasema ni mimi. Nimeuleta hapa kwa mama."

Akanipa kisogo, akaenda mgomba hadi mgomba akiinua macho kwenye majani. Upande wa chini, karibu na mibuni, palikuwa na mmoja uliokuwa na jani limelegea, la njano njano, kitu ambacho ungekipita ukidhani ni jua. Mkungu wake ulikuwa mchanga bado, lakini vidole viwili vitatu vilikuwa vimeiva. Dada akachoma ncha ya kisu kwa kiberiti hadi ikaingia weusi, akachana shina. Tukasubiri. Usaha wa njano ukajitokeza polepole, ukatiririka.

Dada alikaa chini kwenye matandazo ya majani makavu. Sijawahi kumwona dada yangu akikaa chini vile, miguu imenyooka kama mtoto. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Laiti ingekuwa seva imekosea, ningeipigia magoti.

Kesho yake nilimpelekea mkuu wa mradi majibu. Alisoma, akaniita niiendeshe prosija mbele yake, akasoma tena. Kitu cha kwanza alichouliza ni nani mwingine ameona. Nikamtajia. Akawa anazungusha kalamu, na niliogopa kwamba ataniambia nifute. Halafu akachukua simu na kuwapigia maafisa mmoja mmoja, nikiwa nimesimama palepale: "Usikate mgomba wowote. Ndiyo, leo hii. Kiweke kisu chini."

Tangu hapo ukaguzi ulikuwa wa macho tu, na palipobidi kukata, mwenye kibanja alikata kwa kisu chake mwenyewe, kilichopita kwenye moto.

Dada hakuishia hapo. Aliomba ruhusa arudi katika kaya zote alizokuwa amezikagua, awaambie. Niliongozana naye Bugomora. Mzee mmoja alitupokea kwa furaha, akaamuru tuletewe viti na kahawa. Kibanja chake chote kilikuwa kimekwisha kung'olewa migomba, udongo mtupu hadi kwenye ua.

"Shikamoo baba," dada akasema, na hakukaa. "Nimekuja kukuambia kwamba huenda kisu changu ndicho kilichokuletea ule ugonjwa."

Mzee akaangalia mikono ya dada, kana kwamba kisu bado kimo. Akazungumza Kinyambo na mkewe, chini chini, kwa muda. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Nilikuwa nakusubiri uje unitibie," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nasikiliza pikipiki yako."

Hakutufukuza. Alituacha tumalize kahawa, lakini hakutusindikiza.

Kasi ya mnyauko ilipungua katika misimu iliyofuata. Niliiona ikishuka kila nilipoiendesha prosija. Dada angali kazini. Siku hizi hachezi na kisu, na wafanyakazi wapya wakija anawafundisha yeye, kwa ukali ambao hakuwa nao.

Kibanja cha mama tuliking'oa wenyewe, mimi na dada na majirani, tukapanda maharage na mahindi ardhi ipumzike. Baada ya wiki chache nilimsindikiza mama gulioni. Alisimama mbele ya mikungu iliyopangwa chini, ameshika kanga yake kifuani, hasogei. Muuzaji akamuuliza anataka upi.

"Sijui," mama akasema, na akanigeukia kwa macho ya mshangao. "Mwanangu, ndizi zinachaguliwaje? Mimi sijawahi kununua."