Pembe za Turubai la Wakfu

Nguo ikichanika hulia taratibu, na mtu huwahi kugeuka akatazama. Turubai hulia mara moja, na unapogeuka limeshachanika. Nilikuwa nimekaa chini yake, juzuu mkononi, katika khitma ya jirani yetu pale Mpendae, baada ya sala ya adhuhuri. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuongezeka. Nikasikia mpasuko, nikaona mbingu mahali palipokuwa na kivuli, na boriti ya pembeni ikaja chini.

Iliangukia baina ya mzee mmoja na sinia la bilauri. Kofia ilimtoka kichwani, yeye mwenyewe haikumgusa, alhamdulillahi. Bilauri zilivunjika karibu zote. Yule mzee akaokota kofia yake, akaikung'uta gotini, akanitazama mimi, maana mtaa mzima unajua turubai lile liko chini ya nani.

"Maalim," akasema, "maiti mmoja hakukutosha?"

Watu wakacheka, na khitma ikaendelea juani. Mimi sikuweza kucheka. Nilipoteza mstari niliokuwa nikisoma, jambo ambalo halijanitokea tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni.

Turubai lile ni wakfu. Lilitolewa na mama mmoja wa Chwaka, mkulima wa mwani. Mwanawe wa pekee alikuwa akiishi mtaani kwetu na akisali msikitini kwetu, kisha akaenda Maskati kutafuta riziki, akaugua huko, akazikwa huko huko. Khitma yake tuliisoma Mpendae, siku ya mvua ya masika, hatuna hata kipande cha kutufunika. Wanawake waliroa mpaka mabuibui yakawaganda mwilini. Baada ya miezi michache yule mama akaja msikitini na turubai jipya, zito, la buluu, lenye pete za shaba ukingoni kote za kupitishia kamba. Akalitoa kwa ajili ya misiba ya watu wote, na thawabu zake zimwendee mwanawe. Kijana yule hakuacha mtoto wala nyumba. Hilo turubai ndilo peke yake lililobaki duniani likimfanyia kazi. Wakanikabidhi mimi kulisimamia, nami nikaliona jambo hilo kuwa neema kubwa katika uzee wangu. Kila nikikutana na mama yule akiniuliza kama linatumika. Nami nikimjibu kwa furaha kwamba ni zima kabisa, halina hata doa.

Chuoni tulisomeshwa kwamba mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haibadilishwi. Neno hilo la mwisho mimi nililichukua kwa uzito wake wote. Sikuruhusu sindano iliguse turubai lile, wala kisu, wala kiraka. Sikumwachia mtu mwingine kulifunga. Nilipitisha kamba za katani katika zile pete, nikazivuta kwa nguvu zangu zote, nikazidisha kwa kuweka mguu kwenye boriti, mpaka ukiligonga kwa kidole linaitika. Turubai lililolegea kwangu lilikuwa dalili ya uvivu. Watu walinisifu kwa namna lilivyonyooka, na sifa zile, Mungu anisamehe, zilinikaa vizuri moyoni.

Pete ya kwanza iling'oka mwaka jana. Nikahamisha kamba kwenye pete ya pili yake, nikaivuta zaidi. Ikang'oka na hiyo. Hapo hofu ikaniingia, nikaanza kutazama mbingu kabla ya kulitoa. Mara mbili walikuja watu wa msiba siku za upepo, nikawaambia halijakauka. Lilikuwa limekauka. Nilisema nafsini mwangu kwamba nnalinda amana, kwamba jua la saa mbili tatu halimuui mtu, lakini turubai likiisha ndiyo limekwisha, na yule kijana aliyelala Maskati hatakuwa na kitu tena. Katika msiba mmoja kati ya hiyo miwili nilikwenda mwenyewe kuzika. Niliwaona wanaume wamejifunika mikeka vichwani, nikatoa mkono wa pole, nikarudi zangu nyumbani na dhamiri imetulia. Siku ya khitma hii nilishindwa kukataa kwa sababu marehemu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na asubuhi ile upepo ulikuwa mdogo.

Kesho yake nililipeleka kwa fundi mmoja wa Mtoni anayeshona viti vya magari na maturubai ya malori. Alilitandaza chini, akapiga magoti, akaingiza kidole gumba katika kila tundu lililochanika. Akaniuliza nilikuwa nikilifunga vipi. Nikamweleza, na nadhani nilimweleza kwa fahari, habari ya mguu kwenye boriti na yote.

"Basi umelichana wewe, sheikh," akasema. "Upepo umekusaidia tu."

Nilidhani anatania. Akanifahamisha kwa upole, kama ninavyowafahamisha mimi wanafunzi wangu. Pete haishiki turubai, inashika kile kipande kidogo tu kilichobanwa pembezoni mwa tundu. Kamba ikiwa imelegea kidogo, upepo ukija turubai linapanda na kushuka, nguvu inaishia njiani. Kamba ikiwa imekaza, nguvu yote ya upepo inakwenda kwenye kipande kile kisichozidi upana wa kucha. Na katani ikiroa hujivuta ikawa fupi, kwa hiyo kila mvua ilikuwa ikiongeza pale nilipoachia mimi. Alitaka kushona viraka vya turubai nene kwenye kila pembe. Nikamkatalia, nikamwambia ni wakfu. Akajikuna kichwa, akasema yeye hawezi kubishana na mtu wa elimu katika mambo ya dini, niende kwa aliyelitoa.

Nilitoka pale nimeduwaa. Miezi yote ile nilikuwa nikimtafuta mharibifu wa turubai, nikiwashuku watoto, panya, hata wale waliolibeba. Sikuwahi kuitazama mikono yangu.

Safari ya Chwaka niliiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa safari yoyote. Nilipanga maneno ya kumpoza mama yule, nikachagua na dua. Nilimkuta uani kwake akianika mwani pamoja na jirani yake. Alininyooshea kiti barazani, mlango wazi, na jirani akabaki karibu na kazi yake.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba, dada yangu. Nimekuja na habari si nzuri."

Nikalifungua turubai mbele yake. Nikamweleza yote aliyonieleza fundi, bila kujificha, nikamwambia mkosa ni mimi. Zile siku mbili nilizokataa kulitoa sikuzitaja. Nilijiambia hazihusiani.

Hakulia. Aliishika pembe iliyochanika, akaitazama huku na huku kama mtu anayetazama samaki sokoni, kisha akaniita nimfuate uani. Kulikuwa na turubai lake kuukuu, limepauka mpaka limekuwa jeupe, analofunikia mwani usinyeshewe. Halikuwa na pete hata moja, zote zilikuwa zimeng'oka zamani. Na bado lilikuwa limesimama pale katika upepo wa ufukweni, ambao ni mkali kuliko wa kwetu. Kila pembe ilikuwa na kinundu, kama ngumi ya mtoto mchanga. Alikifungua kimoja. Ndani yake mlikuwa na komwe, ile mbegu ya kijivu tunayochezea bao.

Akanionyesha. Unaingia ndani ya turubai kiasi cha shubiri kutoka ukingoni, unaiweka komwe chini yake, unaizungushia turubai mpaka ifunikwe, kisha kamba unaifunga shingoni mwa kile kinundu. Hakuna tundu, kwa hiyo hakuna pa kuanzia kuchanika. Baina ya kamba na mti alikuwa amefunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ili upepo ukivuta upate kitu cha kuvuta.

"Pete inashika tundu," alisema. "Komwe inashika turubai zima."

Nilikuwa bado nnashangaa kwamba jambo jepesi namna hii lilinipita miaka yote, ndipo alipochukua kisu chake kidogo cha kukatia taitai, zile kamba nyembamba za kufungia mwani, akarudi barazani, akaishika pembe ya turubai la wakfu, ile iliyoning'inia vipande vipande, akaikata.

Nilisema astaghfirullahi kwa sauti kubwa mpaka jirani akaacha mwani wake akaja kutazama. Nilisimama wima. Nikamwambia wakfu haukatwi, kwamba hata yeye sasa hana mamlaka nao, kwamba ameitoa mali hiyo kwa Mungu na imeshatoka mkononi mwake. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisu kiko mapajani.

"Maalim, alipokufa shemeji yangu pale Mpendae walikuja kwako kuliomba turubai hili. Ukawaambia halijakauka."

Nikaitazama ile pembe iliyokatwa.

"Mi nlikuwepo. Wanawake tulikaa uani juani tangu saa nne mpaka maiti akatoka. Asubuhi ile nlipita msikitini, nkaliona limeanikwa ukutani. Nkalishika. Lilikuwa kavu."

Nimeishi miaka mingi, nimezika wazee wangu na wadogo zangu, na Mola wangu amenipa subira katika hayo yote. Lakini sikuwahi kupigwa na kitu kama maneno yale. Nilikuwa nimesimama mbele ya mama huyu nikimfundisha hukumu za wakfu, naye muda wote alikuwa anajua kwamba nimesema uongo ndani ya msiba, nikiwa na kanzu na tasbihi, na kwamba uongo wenyewe ulimwangukia yeye, mwenye kutoa. Alikaa uani juani huku sadaka ya mwanawe imeanikwa ukutani msikitini. Na mara ngapi baada ya siku ile tumeonana, akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama linatumika, nami nikamjibu kwamba ni zima.

Nilikaa chini, si kwenye kiti, sakafuni. Nikamuomba radhi. Alisema yeye ameshasamehe siku nyingi, lakini waliokuja kuomba ni wengine, hao niwaendee mwenyewe milangoni mwao. Baadaye niliwaendea wote, nyumba zote mbili, na kila mmoja alinipokea kwa heshima ambayo sikuistahili.

"Mwanangu hayumo kwenye pembe hii," alisema mama yule pale barazani, akakitupa kile kipande alichokikata. "Wakikaa watu chini yake, hapo ndo nnamwona."

Kisha akaleta kibakuli cha komwe, akaniambia nifunge pembe zilizobaki mwenyewe, maana yeye hatakuwepo Mpendae kila siku. Vidole vyangu vilikuwa vizito. Komwe ya kwanza ilichomoka, ya pili ikachomoka, na ya tatu nilipoifunga kwa kuizungusha sana jirani akashindwa kujizuia.

"Maalim anaivisha kilemba," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya khitma.

Walinifundisha na mengine. Nitumie kamba ya nailoni, katani niiache. Kichwa cha boriti nikiviringishe gunia kisilitoboe turubai kwa chini. Pembe moja iwe chini kuliko nyenzake ili maji ya mvua yapate njia, yasije yakakusanyika katikati. Na nisilivute, liachwe lilegee kidogo, hata kama macho yangu hayatapenda. Nilipokuwa nnalikunja kuondoka, mama yule aliniuliza jambo moja tu: siku ya upepo nitafanya nini. Niliona aibu kuahidi kwa ulimi uleule uliosema halijakauka, nikaendelea kukunja. Akanifungulia mlango wa ua, hakuniuliza tena.

Wiki ya pili yake akafiwa mtu nyuma ya msikiti, na kusi ilikuwa inavuma kwa nguvu hasa. Mtoto wa marehemu alipokuja kuliomba sikumwachia amalize maneno. Nililibeba, nikalifunga kama nilivyofundishwa, na lilikaa vibaya. Lilipanda na kushuka, lilijaa na kupungua. Kijana mmoja aliyezoea kazi yangu aliniuliza kwa adabu kama naumwa. Wanaume waliingia chini yake wakakaa, na wanawake wakajaa upande wa pili, ambako turubai lilifika mpaka ukutani.

Katikati ya kisomo upepo mkubwa ulikuja, kipande kimoja cha mpira kikakatika, na pembe ya upande wangu ikashuka polepole mpaka ikagusa mabega ya watu. Nikaishika ile pembe, nikaipapasa. Komwe ilikuwa mahali pake, na turubai lilikuwa halina hata mkwaruzo. Mtu mmoja alikuwa ameshashika boriti. Akaniuliza kama tulishushe, maana upepo unazidi, na turubai ni la wakfu.

Wote walikuwa wakinitazama. Nikawaambia waliache, nikafunga mpira mwingine.