Samaki wa Mke Wangu

Mwaka 1968, nikiwa na miaka minane, mti ulimwangukia baba yangu msituni alikokuwa akipasua mbao, na utoto wangu ukaishia hapo. Baba mdogo alikuja msibani na kamba ya kupimia shamba mfukoni. Hakungoja hata arobaini ipite. Mama akabaki na kibanda na migomba ya nyuma ya choo. Mimi nikaacha shule darasa la pili, nikawa mbeba kabichi. Nilizishusha kutoka mashambani hadi barabarani, kichwani, kwenye ukungu, miguu peku, na malipo yangu yalikuwa zile kabichi zilizopasuka ambazo lori halizitaki. Baba mdogo alikuwa akinipita njiani na kusema, "Beba, beba, shingo itakomaa." Ilikomaa. Nilimzika mimi, na sanda nilinunua mimi, na shamba nikalinunua tena kutoka kwa watoto wake mmoja mmoja walipoanza kuuza. Hakuna hata mmoja niliyempa bei nzuri.

Nayasema haya ili ujue kuwa ubahili wangu sikuuokota barabarani.

Mke wangu nilimwoa sina kitu. Tulianza na bomba moja la kunyunyizia dawa, la mgongoni, tukapulizia nyanya na kabichi za watu hapa Lushoto na kule juu Mlalo. Mtoto alimfunga mbele, bomba mgongoni. Dawa tulikoroga kwa mkono, maana fimbo haijui kama imeyeyuka, mkono unajua. Hivyo ndivyo tulivyofanya sote, na bado wengi wanafanya. Baadaye nikafungua duka la mbegu na dawa za kilimo hapa mjini. Mkulima mdogo hanunui pakiti nzima, anataka ya kupimiwa, ya bomba moja au mawili. Basi nampimia, namfungia kwenye karatasi, anakwenda. Vidole vyangu ndiyo mizani. Sijawahi kuugua hata kichwa.

Mwaka juzi mke wangu alianguka kwenye njegere akiwa na ndoo. Kiharusi. Mguu wa kulia ukafa, mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Ulimi ukabaki mzima. Tulimpeleka hospitali Tanga, akakaa huko, akarudi. Daktari akamwambia mbele yangu kwamba shamba ndiyo basi tena. Tangu siku hiyo akageukia ukutani, na chakula akakikataa. Nampelekea tonge mdomoni, anakaza meno. Anameza vijiko vya uji kiasi cha kutokufa siku hiyo. Daktari aliniita pembeni akasema, "Mzee, asipokula, masika hayaoni." Alisema kama mtu anayetaja bei ya saruji.

Watoto wakataka kumletea televisheni. Akasema ukutani, bila kugeuka: "Sitaki kitu kinachopiga kelele. Leteni kitu kilicho hai ambacho hakitaniuliza naendeleaje."

"Paka?" nikamuuliza.

"Paka anaomba. Nimechoka kuombwa."

Kisha akanieleza. Kule hospitali, siku tuliyofika, walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu ukumbini tangu asubuhi mpaka alasiri. Watu walipita, wauguzi walipita, na mimi nilikuwa nahangaika na kadi. Juu ya meza ya mapokezi kulikuwa na sanduku dogo la kioo lenye samaki. "Wale ndio walionitazama," akasema. "Wengine wote mlikuwa mnatazama karatasi."

Nikateremka Tanga.

Duka lenyewe lilikuwa la kijana mmoja anayeuza ndege, vyakula vya kuku wa kisasa na samaki wa mapambo. Akaniamkia vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka sanduku la samaki la kukaa juu ya meza. Meza yenyewe ndogo, ya kando ya kitanda. Na nina bei ya mbuzi dume, haizidi."

Akacheka. "Mbuzi wa wapi, mzee? Wa mjini au wa milimani?"

"Mbuzi wa mtu mwenye shida ya kuuza."

Akanionyesha kwanza bakuli la duara, kama taa ya chemli. Akasema hilo ndilo wengi wanalochukua, ni rahisi.

"Na samaki wanaishi humo?"

"Wanaishi kidogo."

Nikalirudisha. La pili lilikuwa jembamba, refu, lina taa ya buluu na nyumba ya plastiki ndani, eti zuri kwa ofisi. Nikamwambia hilo ni kaburi lililosimamishwa. Nimeuza mboga maisha yangu yote, najua mchicha kwenye ndoo ndefu unaoza kabla ya mchicha wa kwenye beseni. Kitu chenye uhai kinataka nafasi ya juu ipitishe hewa. Nikamuuliza kuhusu lile lililokuwa chini ya meza yake, amewekea mifuko ya chakula cha kuku. La mstatili, fupi, pana, lina mkwaruzo ubavuni kama kucha ya chui.

"Lile la zamani, mzee. Aibu kumuuzia mtu."

"Aibu ni ya kwangu, wewe lete."

Nikamwambia alijaze maji, nikalitandikia gazeti kavu chini, nikakaa kwenye kreti nikanywa chai. Chai ikaisha, gazeti kavu. Nikamwambia nalichukua. Taa sitaki, dirisha lipo. Mawe ya rangi sitaki, mtoni kwetu mawe ni ya bure, nitayachemsha. Nyumba ya plastiki sitaki, samaki hana mgeni. Pampu ndogo ya hewa nikaikubali baada ya kuisikiliza inavyonguruma. Ile fimbo ya kupashia maji joto ikavuka bei ya mbuzi.

"Basi chukua hawa wa dhahabu," akasema. "Baridi ya kwenu wanaivumilia. Ila wanachafua maji sana. Sanduku hili ni la wawili, mzee. Wadogo. Na siku likiwabana uwatafutie kubwa."

"Nyongeza iko wapi?"

"Nyongeza gani tena?"

"Mimi nikiuza debe la viazi naongeza viazi juu. Nimenunua sanduku bovu, pampu na samaki wawili. Sasa ongeza."

Tulibishana mpaka mteja mwingine akaanza kucheka. Kijana akachota wengine wawili kwa hasira. "Nimekwambia la wawili," akasema. Nikamwambia mimi na mama yangu na wadogo zangu tulilala kitanda kimoja, hakufa mtu.

Nikapanda navyo milima, sanduku nimelipakata, samaki kwenye mfuko wa nailoni uliojaa hewa. Nikaliweka mezani, nikatia maji yaliyokaa ndani ya nyumba siku nzima, nikawasha pampu. Mke wangu alikuwa ukutani.

"Geuka."

"Nigeuke nione nini? Sura yako naijua."

"Si sura yangu."

Akasikiliza. "Ni nini hicho kinachokoroma?"

Nikasogea kando. Akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, akajivuta, akajigeuza peke yake, kitu ambacho watu wawili walikuwa wanamfanyia. Akatazama. Hakusema asante, si mtu wa asante. Akasema, "Huyu mwenye tumbo jeupe ni mroho. Anafanana na wewe." Jioni ile nikampa tonge, akala. Nikampa la pili, akala.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi mkwe wetu, mke wa kijana wangu mdogo tunayeishi naye, anawalisha samaki na kumpa mama mkwe wake uji. Jioni narudi dukani, naosha mikono kwa maji, nafikicha chakula cha samaki kwa vidole nawatilia, kisha namega ugali namlisha mke wangu. Uso wake ukaanza kurudisha nyama.

Wageni wakaongezeka. Dada yangu mkubwa akaja, akasimama mbele ya sanduku akashika kiuno.

"Mdogo wangu, hiki ni kitoweo au mapambo? Wanne hawa hawatoshi hata chungu cha mtoto."

Mke wangu akamjibu kutoka kitandani mwake: "Wifi, umekuja kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Sasa unataka uondoke na samaki?"

Wiki ile ile wateja wa dawa walianza kujaa dukani, na akafa yule mroho. Tulimkuta jioni, baada ya chakula, amelala ubavu juu ya maji. Mke wangu akasema, "Kafa anayekukimbilia." Nikampigia simu yule kijana wa Tanga nikamtukana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, nilikwambia la wawili." Nikaona ana hoja. Akafa wa pili. Sikusikitika, nikasema sasa hesabu imekaa kama yule kijana alivyosema, hawa waliobaki wataishi. Mke wangu akanitazama muda mrefu. Kesho yake akasema anataka mkwe ndiye amlishe jioni, na samaki pia. Nikadhani ni mambo ya wanawake, nikaacha.

Siku chache baadaye nimerudi dukani, ilikuwa msimu wa dawa ya wadudu wa kabichi, nimepimia watu tangu asubuhi. Nimeketi kwenye stuli. Akasema, "Walishe."

"Mkwe si yupo?"

"Nimesema uwalishe wewe."

Nikafikicha, nikatia. Mmoja akaja juu mbio, akala kwenye ncha za vidole vyangu. Yule mwingine, mwoga, akabaki nyuma ya jiwe. Mke wangu akaniambia nisiondoke. Tukakaa. Baada ya kitambo yule aliyekula akaanza kuzunguka kama mlevi, akagonga kioo, akazunguka tena, akalala ubavu mdomo ukifunguka na kufunga. Kisha haukufunga.

"Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Asubuhi mkwe wako anawalisha, wanacheza mpaka mchana. Jioni wewe unawalisha, anakufa wa mbele. Nusa mkono wako."

Nikanusa. "Haunuki kitu."

"Ndiyo hivyo. Kwako haunuki."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wa pili."

"Na huyu ukaniacha nimuue?"

"Ningekwambia, ungeniamini? Wewe huamini mpaka kitu kife mbele yako." Akayaondoa macho kwa samaki akayaleta kwangu. "Sasa niambie. Mimi umenilisha kwa mkono gani?"

Nikamwambia daktari alisema ni presha.

"Daktari hajawahi kukorogewa bomba na wewe. Hajawahi kulala na mkono wako kichwani."

Nilitoka nje nikaosha mikono kwa sabuni ya mche, kwa majivu, kwa mchanga, mpaka ngozi ya vidole ikatoka damu. Sisemi ni kweli na sisemi ni uongo. Hakuna daktari aliyeniambia kuwa dawa ndiyo iliyomwangusha, na mtu mwenye darasa la pili hawezi kumpimia mtu damu. Nilirudi na sahani, nikamega tonge, nikampelekea mdomoni. Akakaza meno kama siku zile. Nikaona masika hatuyaoni.

Kisha akasema kwa meno yale yale yaliyokazwa: "Weka sahani hapa. Lete kijiko."

Akakishika kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kula kwa mkono huo, kwetu mkono huo haugusi chakula, na yeye ndiye aliyewachapa watoto wote kwa kosa hilo. Nusu ya kijiko cha kwanza ikamwagikia kifuani. Nikanyoosha mkono nimfute.

"Usiniguse."

Nikaurudisha mkono. Akala. Mchuzi ukamtiririka shingoni, ugali ukaanguka kwenye blanketi, akauokota, akaula. Alikula kwa hasira, ananitazama mimi, na hakuacha mpaka sahani ikawa tupu. Mkwe alisimama mlangoni akataka kucheka kwa furaha, akaniona, akaacha.

Masika yalikuja na yakapita. Mke wangu anakula sahani mbili kwa siku kwa mkono wake wa kushoto, amenenepa, na siku hizi anakaa kwenye kiti. Samaki aliyebaki, yule mwoga, anamlisha mwenyewe kwa mkono huo huo, na mimi naruhusiwa kubeba ndoo ya maji hadi mlangoni, si zaidi. Watoto walinipigia simu wakasema nifunge duka. Nikawauliza wao walisomeshwa na nini. Duka liko wazi. Napimia kwa kijiko na glavu, wateja wanadhani nimepata maradhi ya ngozi, nami nawaacha wadhani. Wengine bado wanakoroga kwa mkono. Nawaambia waache. Wananitazama wananiambia, "Mbona wewe mzima?"

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita. Mashamba matatu bondeni na moja juu njia ya Mtae. Lori moja la kubebea mboga. Duka moja la mbegu na dawa. Ng'ombe wawili wa maziwa. Pampu ya maji. Bomba la mgongoni la zamani, halifanyi kazi, sijalitupa. Glavu za mpira, jozi mbili. Kuna pia sanduku la kioo lenye mkwaruzo na samaki mmoja ndani, lakini hivyo si vyangu, ni vya mke wangu.