Nilivyompeleka Shemeji Kwenye Mafundisho ya Ndoa

Nianze kwa kusema kabisa kwamba katika kisa hiki mjinga ni mimi. Kijiji chetu cha Mwamkulu kizima kinajua, kwa hiyo hata nikificha haisaidii.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimemaliza darasa la saba, nina baiskeli na suruali ya bugaluu, ile pana miguuni. Kaka yangu alikuwa amefariki. Baada ya matanga kumalizika, wazee wa ukoo walikaa wakakubaliana kwamba mjane wake arithiwe na mimi. Baba mkubwa ndiye alisema, wengine wakaitikia. Mama yangu alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Shemeji mwenyewe alikuwa jikoni, na hakuna aliyemwita.

Mimi nilifurahi, bwana. Shemeji alikuwa mzuri, anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango, halafu anajua kucheka. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Alikuwa na shoga yake mmoja, naye wa kwaya, mwanamke mwenye mdomo kama wembe na mume mlevi wa pombe ya asali. Siku moja walikuwa wanatwanga mpunga nyuma ya nyumba, mimi upande wa pili naziba pancha. Nikamsikia shemeji anasema kuna mtu mikono yake inanukia mninga, na mtu huyo akimpa tu kikombe cha maji, yeye shemeji anasahau alichokuwa anataka kusema. Shoga yake akacheka mpaka mchi ukasimama. Kisha shemeji akasema polepole:

"Mwenzangu, sitafuti wa kunilisha, jembe ninalo. Namtaka yeye. Nimesali hii hamu initoke, haitoki."

"Labda Mungu hataki ikutoke," mwenzake akamjibu. "Wewe ipeleke kanisani, haitakuwa dhambi tena."

Mimi nikanusa mikono yangu. Ilinuka gundi ya pancha, lakini wiki ile nilikuwa nimebeba magogo ya mninga, nikajiambia basi, ni mimi.

Jumamosi iliyofuata shemeji akaniomba nimpeleke misheni mjini, ana mafundisho. Sikuuliza mafundisho gani. Nilijua wanawake wa kwaya wana mambo mengi huko. Nikampakia kwenye keria, nikapiga pedali kwa mashauzi, kila kilima nanyonga bila kushuka ili aone nguvu za mwanaume. Bugaluu ikaingia kwenye cheni, tukaanguka wote kwenye mchanga. Akacheka, akanifuta vumbi, akasema, "Pole, shemeji." Nikaona mapenzi yamekolea.

Tukawa tunaenda kila Jumamosi. Yeye anaingia ndani, mimi namsubiri kwa fundi seremala aliyekuwa anatengeneza mabenchi ya misheni. Alikuwa kijana mpole, wa zile familia zilizokuja kutoka Burundi, anaongea kidogo kidogo kama anapima kila neno kwa futi. Nilimpenda. Nilimshikia mbao, nikanywa maji yake, halafu siku moja nikamwambia siri yangu kwamba nataka kuoa, anitengenezee kitanda cha mninga, kikubwa, chenye maua kichwani.

Akasimamisha randa. Akauliza, "Bibi harusi umeshamuuliza?"

Nikamwambia wazee wameshamaliza. Akainama akaendelea na randa. Kidogo akaweka randa chini, akajikung'uta, akasema ameitwa ndani, nimwangalizie vyombo vyake. Kila Jumamosi aliitwa ndani. Na mimi nikawa namwangalizia.

Kile kitanda kilitoka kizuri kweli. Sijakilalia mpaka leo.

Jumapili moja kigangoni, ibada imekaribia kwisha, katekista akasimama kusoma matangazo ya ndoa. Nikasikia jina la shemeji. Nikaweka sawa kola ya shati. Kisha likafuata jina la seremala.

Nilibaki nimeshika kola. Kabla sijapata akili, baba mkubwa akasimama. Alisema pale hapana ndoa, yule ni mke wa ukoo, ameshapewa mtu, na mtu mwenyewe yuko humu. Akaninyooshea fimbo. "Simama useme."

Kanisa zima likageuka. Nikasimama. Katekista akaniuliza kwa upole kama nina pingamizi, maana nikisema ninalo, jambo litapelekwa kwa padri na ndoa itasimama kwanza. Nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kooni.

Nikamtafuta shemeji kwenye benchi la kwaya. Hakuniangalia. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na vidole vya shoga yake alikuwa amevibana hadi vimebadilika rangi. Yule shoga ndiye aliyenitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kunirushia. Nikaelewa kwamba wanaomba kitu, na kitu chenyewe ni mdomo wangu.

"Baba mkubwa," nikasema, "mimi kazi yangu ilikuwa kumpeleka kwenye mafundisho. Nimempeleka kila Jumamosi, hata kuanguka tulianguka. Sasa nimpinge vipi? Sina pingamizi."

Watu walicheka, hata katekista alijifunika uso kwa kitabu. Baba mkubwa alitoka nje bila baraka. Shemeji alikuwa analia na kucheka pamoja, na shoga yake akapiga kigelegele katikati ya kanisa, kitu ambacho padri angekuwepo asingekipenda.

Kijijini walidhani nilijua tangu mwanzo, nikawaacha wadhani hivyo.

Jioni nilimkuta mama anachambua mchele uani. Nikakaa karibu yake, nikaanza kuleta utani ili anicheke yeye kabla ya wengine. Hakucheka. Aliendelea kutoa mawe, kisha akasema, "Mimi baba yako alinirithi kwa kaka yake. Ni mtu mwema, nilimzoea. Lakini siku ile hakuna aliyesimama."